Andrei Sakharov, aliyetaka kulijengea jua ua

Shamba la mkulima wa Sagalla ya chini, kule Mwakoma na vijiji vya jirani, halina ukuta. Ndovu anapotoka Tsavo Mashariki usiku kutafuta mahindi, kinachomzuia ni waya uliounganisha mizinga ya nyuki, mmoja hapa, mwingine mita 10 mbele. Akiusukuma waya, mizinga inayumba, nyuki wanatoka, naye anageuza njia. Ukuta angeuangusha. Miiba angeikanyaga. Nguvu za ndovu hazishindwi kwa nguvu, na watafiti waliokaa na wakulima wa Sagalla miaka hiyo yote walilijua hilo. Leo ua wa namna hii umeigwa katika nchi nyingine za Afrika na hata Asia.

Ua huo ndio unaonijia akilini kila ninapoulizwa habari za nyuklia. Tangu serikali itaje Uyombo, kule Kilifi, kuwa mahali pa kujengwa kinu cha nyuklia, na wenyeji wakasimama kukipinga, maswali hayajaisha hata huku Voi tusiko na bahari. Na wengi wanachanganya vitu viwili. Kinu kilichopangiwa Uyombo ni cha kupasua: viini vizito vya urani vinapasuliwa na joto linachemsha maji. Vinu hivyo vipo mamia duniani. Aina ya pili haipasui, inaunganisha. Viini vyepesi vya hidrojeni vinasukumwa mpaka vinashikana na kuwa heliamu, na katika kushikana huko joto kubwa linatoka. Ndivyo jua linavyowaka. Kuni zake nyingi zingetoka baharini, kwa kuwa maji yana hidrojeni nzito iitwayo deuteriamu. Mwenzake, tritiamu, huzalishwa kutokana na lithiamu. Kinu cha aina hii kinachouza umeme hakipo popote hadi leo.

Hakipo kwa sababu ya ua. Hapa duniani gesi hiyo lazima ipashwe zaidi ya digrii milioni 100, ilhali katikati ya jua lenyewe ni kama milioni 15. Gesi ikifika joto hilo huitwa plazma. Uiweke kwenye chombo gani? Ikigusa ukuta, ukuta unaharibika na plazma nayo inapoa papo hapo. Inataka kizuizi kisichoguswa. Mmoja wa watu wawili wa kwanza kuchora kizuizi cha namna hiyo kilichokuja kufanya kazi alikuwa Andrei Sakharov. Wazee wetu waliokuwa wakisikiliza redio miaka ya 1970 na 1980 wanalikumbuka jina lake kwa mambo mengine kabisa: mpinzani wa serikali ya Kisovieti, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani, mtu aliyefungiwa katika mji wa Gorky. Wachache wanajua kwamba alikuwa pia baba wa bomu la hidrojeni la Warusi. Mambo hayo matatu ni maisha ya mtu mmoja.

Alizaliwa Moscow tarehe 21 Mei 1921. Baba yake, Dmitri, alikuwa mwalimu wa fizikia aliyeandika vitabu vya kiada na kupiga piano. Mtoto alifundishwa nyumbani miaka ya mwanzo, na inaonekana hilo lilimwachia tabia ya kufikiri peke yake na kuongea polepole. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Moscow mwaka wa 1938. Vita vilipofika, chuo kilihamishiwa Ashgabat, huko Turkmenistan, na akamaliza masomo mwaka wa 1942. Walimpeleka kiwanda cha risasi cha Ulyanovsk, ambako alibuni kifaa cha kupima kama kiini cha risasi ya kutoboa chuma kimekomaa vizuri bila kuivunja risasi. Huko pia alimwoa Klavdia Vikhireva. Mwaka wa 1945 akarudi Moscow kusoma chini ya Igor Tamm, mwanafizikia mkubwa na, kwa maelezo ya wote waliomjua, mtu mwema.

Mwaka wa 1948 Tamm aliambiwa aunde kikundi cha kuchunguza bomu la hidrojeni, na kijana wake akaingizwa humo bila kuulizwa sana. Miaka miwili baadaye walihamishiwa mji wa siri ambao haukuwekwa kwenye ramani, wenyewe waliuita Kituo tu. Sakharov hakudanganywa kuhusu kazi ile. Aliamini wakati huo kwamba Marekani isipokuwa na mpinzani wa kuogopwa, vita vingine vingekuja. Unaweza kumlaumu. Mimi nimeshindwa kuamua.

Sasa tufike kwenye kisa ninachokipenda kuliko vyote.

Katika kisiwa cha Sakhalin, mwisho kabisa wa Usovieti upande wa mashariki, kulikuwa na sajenti kijana aitwaye Oleg Lavrentiev. Alikuwa na darasa la 7, akamalizia sekondari kwa masomo ya jioni akiwa jeshini, na mshahara wake mdogo aliutumia kulipia jarida la fizikia. Aliandika barua kwa wakubwa wa Moscow kwamba anajua jinsi ya kutengeneza bomu la hidrojeni, na kwamba moto huohuo unaweza kufugwa utoe umeme ikiwa plazma itazuiwa kwa nguvu za umeme. Ni kama koplo wa kambi ya Taveta aandikie Ikulu kwamba amegundua namna ya kuwasha jua. Kwetu sijui barua hiyo ingefika meza ya nani. Yeye alipewa chumba chenye ulinzi aandike mawazo yake yote, na katikati ya mwaka wa 1950 karatasi zake zikatumwa Moscow, na kutoka Moscow zikaja kwa Sakharov azipime.

Sakharov aliona kosa mara moja. Nyavu za umeme alizozitaka sajenti zingekuwa ndani ya plazma, na plazma ingezigusa. Lakini katika tathmini yake hakumdharau mwandishi. Alieleza kwamba wazo ni kubwa, kwamba mtu huyu ana ubunifu, na kwamba asaidiwe. Na alipokuwa akisoma karatasi zile, wazo lake mwenyewe likazaliwa: badala ya umeme, tumia sumaku. Chembe za plazma zina chaji, na chembe yenye chaji ikiingia kwenye nguvu ya sumaku hujizungusha kuufuata mstari wake, haiendi inakotaka. Mirija iliyonyooka ingevuja kwenye ncha zake mbili, kwa hiyo ukunje mrija mpaka mwisho ukutane na mwanzo, kama bangili. Ndani ya bangili plazma inazunguka bila kufika ukutani. Yeye na Tamm walifanya hesabu zake katika miezi michache. Waliona pia kwamba bangili peke yake haitoshi, plazma ingesogea pole pole kwenda pembeni, kwa hiyo wakapendekeza mkondo wa umeme upitishwe ndani ya plazma yenyewe ili mistari ya sumaku isokotwe kama kamba.

Tarehe 5 Mei 1951 Stalin alitia sahihi amri ya kuanzisha utafiti huo. Mtambo wa umbo la bangili ulikuja kuitwa tokamaki, na jina hilo linatumika mpaka leo katika kila lugha. Lavrentiev alipelekwa Chuo Kikuu cha Moscow na akawa mwanafizikia. Mchango wake ulifichwa kwa miaka mingi. Sakharov ndiye aliyeuandika katika kumbukumbu zake.

Bomu lilitangulia. Tarehe 12 Agosti 1953 lile alilolibuni yeye, la tabaka juu ya tabaka, lililipuka Semipalatinsk. Alikuwa na umri wa miaka 32, na mwaka huohuo akachaguliwa mwanachama kamili wa Chuo cha Sayansi. Nishani, nyumba, walinzi, vyote vikaja. Tarehe 22 Novemba 1955 likajaribiwa bomu kubwa zaidi, na safari hii mshindo uliua watu wawili mbali na pale: askari mmoja aliyefukiwa na udongo handakini, na mtoto wa kike wa miaka 2 aliyeangukiwa na maficho katika kijiji kimoja. Usiku huo wakubwa walifanya karamu. Sakharov, akiwa mgeni wa heshima, aliinua glasi akaomba kwamba silaha hizo zilipuke daima juu ya viwanja vya majaribio tu, zisilipuke kamwe juu ya miji. Jemadari Nedelin alimjibu kwa kichekesho cha chumbani cha babu na bibi ambacho sitakiandika hapa. Maana yake ilikuwa wazi: kazi yenu ni kutengeneza, kuelekeza ni kazi yetu.

Maisha yake yaliyofuata yalikuwa jibu kwa kichekesho hicho. Alikaa akapiga hesabu ya miale inayotawanywa hewani na kila jaribio, akapata kwamba kila megatoni moja ingedhuru takriban watu 10,000, wengi wao hawajazaliwa bado na hawatajua kamwe kilichowaua. Akachapisha hesabu hizo mwaka wa 1958. Mwaka wa 1961 alimwandikia Khrushchev kumsihi asirudie majaribio, akakaripiwa mbele ya watu mezani. Mwaka wa 1963 mkataba wa kukomesha majaribio ya hewani, majini na angani ulitiwa sahihi mjini Moscow, naye alikuwa mmoja wa walioupigia debe ndani.

Tokamaki ilikuwa imemtoka mikononi. Watu wengine waliibeba, hasa Lev Artsimovich, na ilibebwa kwa shida. Plazma ni kiumbe mkaidi: ukiibana hapa inatoboka pale. Mataifa yote yaliyokuwa yakiitafuta njia hiyo, Uingereza, Marekani na Wasovieti, yalifanya kazi gizani, kila mmoja akificha, kila mmoja akirudia makosa ya mwenzake. Aprili 1956 Igor Kurchatov alikwenda Harwell, Uingereza, akawasimulia Waingereza wazi walichokuwa wakifanya. Mwaka wa 1958, Geneva, pande zote zilitoa karatasi zao, na zile za Tamm na Sakharov zikasomwa na dunia kwa mara ya kwanza.

Miaka 10 baadaye, Agosti 1968, Artsimovich alisimama mbele ya mkutano wa Novosibirsk akatangaza kwamba mtambo wao wa T-3 umefikisha digrii milioni 10. Wageni hawakuamini. Artsimovich akafanya jambo ambalo mtu mwenye hofu halifanyi: aliwakaribisha Waingereza wa Culham waje na vifaa vyao wenyewe wapime. Wakaenda, katikati ya vita baridi, wakapiga plazma kwa mwanga wa leza na kuusoma mwanga uliorudi. Mwaka wa 1969 wakatangaza kwamba Warusi walisema kweli. Wamarekani wa Princeton wakaubadilisha mtambo wao mkubwa kuwa tokamaki. Tangu hapo bangili ya Tamm na Sakharov ndiyo njia kuu. Februari 2025 mtambo mmoja wa Ufaransa, WEST, ulishikilia plazma yake zaidi ya dakika 22. Mtambo wa JET wa Culham, kabla ya kufungwa mwisho wa 2023, ulitoa nishati ya megajuli 69 kwa sekunde chache. Hiyo bado ni nishati ndogo, na kuipata kulimeza nishati nyingi kuliko iliyotoka, tusidanganyane.

Turudi mwaka wa 1968, kwa sababu katika miezi ileile Artsimovich alipofungua mlango wa maabara, Sakharov alifungua mlango wake. Aliandika insha ndefu kuhusu hatari ya vita vya nyuklia na haja ya watu kuwa huru kufikiri na kujua. Ilisambazwa kwa mkono nchini mwake, na Julai ikachapishwa na New York Times. Wakubwa hawakusubiri. Alifukuzwa katika kazi za siri. Machi 1969 Klavdia alifariki kwa saratani, akimwachia watoto watatu, na Sakharov akatoa akiba yake yote, iliyokuwa kubwa, kwa ujenzi wa hospitali ya saratani na kwa Msalaba Mwekundu. Kisha akaanza maisha mapya: kusimama nje ya mahakama wanakohukumiwa watu aliowajua na asiowajua. Mwaka wa 1972 alimwoa Elena Bonner, daktari mwenye ulimi mkali kuliko wake. Mwaka wa 1973 wanachama 40 wa Chuo cha Sayansi walitia sahihi barua ya kumshutumu gazetini, baadhi wakiwa watu waliokula naye meza moja. Alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka wa 1975 alinyimwa ruhusa ya kusafiri. Mkewe ndiye aliyeipokea Oslo, na siku hiyo yeye alikuwa Vilnius, nje ya kesi ya rafiki yake.

Alipokemea jeshi kuingia Afghanistan, walimkamata barabarani tarehe 22 Januari 1980 na kumpeleka Gorky, mji uliofungiwa wageni. Nishani zote alinyang'anywa. Polisi alikaa mlangoni usiku na mchana. Maandishi ya kumbukumbu zake yaliibwa na makachero, akaandika upya, yakaibwa tena, akaandika upya tena. Aligoma kula mara kadhaa, akafungwa kitandani na kulishwa kwa nguvu. Kwa haki ya wenzake lazima niseme kwamba taasisi yake ya fizikia ya Moscow haikumfuta, na wanafizikia walikuwa wakipanda treni kwenda kuongea naye sayansi.

Novemba 1985 Gorbachev na Reagan walikutana Geneva. Moja ya mambo machache waliyokubaliana ni mataifa kushirikiana kujenga tokamaki kubwa kwa faida ya wanadamu wote. Mradi huo ndio uliozaa ITER, unaojengwa hadi leo kusini mwa Ufaransa. Siku ambayo viongozi hao walikuwa wakipeana mikono juu ya ua wa sumaku, mmoja wa waliouchora alikuwa Gorky, na polisi mlangoni.

Huko Gorky ndiko habari ya Chernobyl ilikomkuta, Aprili 1986. Na hapa ndipo ninapotaka watu wa Pwani wamsikilize, wale wa Uyombo na wale wanaowacheka Uyombo. Mwanzoni Sakharov aliamini taarifa za serikali. Kichwa kile kilichopiga hesabu ya watu 10,000 kwa megatoni kilidhani ajali ile ni ndogo, kwa kuwa kilipewa magazeti ya chama na redio iliyovurugwa mawimbi. Baadaye alikiri wazi kwamba alikuwa amekosea. Hakugeuka kuwa adui wa umeme wa nyuklia; aliendelea kuamini dunia itauhitaji, ila akashikilia kwamba vinu vijengwe chini ya ardhi ili ajali ikitokea isimwagike juu ya watu. Lakini alikuwa amejionea kwamba elimu bila habari za kweli haimwokoi mtu, hata awe nani. Basi mvuvi anayeitwa mkutanoni kuhusu kinu, akapewa soda na hotuba ya nusu saa, anaambiwa na nani kwamba upinzani wake ni ujinga? Mwisho wa yote, aliyeleta wazo la ua alikuwa sajenti wa darasa la 7, na lilifika kwa sababu kuna mtu alisoma barua yake hadi mwisho.

Desemba 1986 mafundi walikuja usiku kuweka simu katika nyumba ya Gorky bila kuombwa. Kesho yake ikalia. Alikuwa Gorbachev, akimwambia anaweza kurudi Moscow. Sakharov alishukuru, kisha, badala ya kukata simu, akamkumbusha Gorbachev kuhusu wafungwa wengine waliobaki ndani.

Mwaka wa 1989 alichaguliwa mbunge. Wengi wanaikumbuka picha yake kwenye televisheni: mzee aliyeinama, sauti ya chini, wajumbe wakimpigia makofi ya kumzomea anyamaze, naye akiendelea kusoma karatasi yake. Tarehe 14 Desemba mwaka huo, baada ya siku ndefu ya mikutano, alirudi nyumbani akaenda kupumzika kidogo kabla ya kuandaa hotuba ya kesho yake, akaomba aamshwe. Mkewe alipokwenda kumwita alimkuta ameshafariki. Alikuwa na miaka 68. Watu walipanga foleni kwenye theluji ya Moscow kwa saa nyingi kumuaga.